Mwanangu Haelewi Hadithi, Nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,
Mwanangu ana miaka minne. Kila usiku huniomba nimsimulie Kima na Papa. Nikimaliza na kumuuliza hadithi inatufundisha nini, husema tu, "Kima alipanda mtini." Juzi kaniuliza kwa nini Papa hakujua kwamba Kima anao moyo wake kifuani. Binamu yake wa miaka sita hueleza yote, na wifi yangu anasema wangu ni mzito. Nimpeleke kwa mtaalamu?
Mama Mwenye Wasiwasi, Tanga

Marahaba, mwanangu.
Mtoto anayeuliza swali hilo si mzito. Amegusa penyewe. Kima anadanganya kwamba moyo wake ameuacha mtini, Papa anaamini, na kuelewa kwamba mtu anaweza kuamini lisilo kweli ni kazi kubwa kwa mtoto. Wengi huanza kuliweza jambo hilo wakiwa na miaka minne hadi mitano. Kabla ya hapo, analolijua yeye hudhani kila mtu analijua. Basi usimpime kwa binamu aliyemtangulia miaka miwili, na umwombe wifi asimwite mzito, hasa mbele yake.

Swali la mafunzo liache kwanza. Mtoto hawezi kuona funzo kabla hajajua kila mhusika anataka nini na anajua nini. Hadithi hii, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870 pamoja na nyingine za Unguja, inakupa pa kuanzia. Simama pale Papa, akiwa amembeba Kima katikati ya bahari, anapofichua kwamba sultani wa kwao anaumwa na dawa ni moyo wa kima. Uliza: "Kima alipopanda mgongoni, alijua? Sasa anajisikiaje?" Akishindwa, mjibu wewe: "Hakujua. Alidhani anakwenda kutembea kwa rafiki." Kesho muulize tena.

Kisha mcheze. Mkeka uwe bahari, kiti kiwe mkuyu, ule mti wa Kima, wewe uwe Papa naye Kima. Akikudanganya kwamba moyo ameuacha mtini, nawe ukageuka kumrudisha, ataona kwa macho yake jinsi uongo ulivyomwokoa.

Unaposimulia, usiunganishe matukio kwa "halafu" tupu. Sema, "Papa alirudi kwa sababu aliamini moyo uko mtini." Hilo "kwa sababu" ndilo linalomwonyesha tukio moja linavyozaa jingine. Na akimwonea Papa huruma, usimkosoe. Muulize kwa nini, umsikilize.

Kuhusu mtaalamu, kwa uliyoniandikia sioni haja. Ila kama haitiki ukimwita, au hafuati maagizo mepesi kama "lete kikombe", mpeleke kliniki apimwe masikio na maendeleo yake.

Akikuomba hadithi ileile tena leo, msimulie bila kuchoka. Anairudia kwa sababu bado anaifanyia kazi, na kila mara hupata kitu ambacho jana hakukiona.

Shangazi