Serikali Ikianguka, Chanjo Itolewe na Nani?

Wapo wanaosema pasipo serikali hapana afya. Kauli hii ina ukweli, lakini si wote. Tuwatazame ndugu zetu wa Somalia.

Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, aliugua ndui. Hakuwa amechanjwa, kwa kuogopa maumivu. Alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida.

Mwaka 1991 serikali ilianguka. Mwaka 2005 polio ikaingia kutoka nje, ikawapata watu 228. Nani aizuie? Wasomali zaidi ya 10,000, wahudumu wa afya na watu wa kujitolea, walipita nyumba kwa nyumba, tena na tena, wakawachanja watoto zaidi ya milioni 1.8. Dawa zililetwa na mashirika ya kimataifa, lakini aliyebisha hodi alikuwa Msomali. Maalin alikuwa miongoni mwao, akiwasimulia wazazi kosa lake. Machi 2007 ugonjwa ukakatika.

Tazama sasa upande wa pili. Al-Shabaab walipopiga marufuku kampeni za chanjo katika maeneo yao, mamia ya maelfu ya watoto walibaki bila kinga. Mwaka 2013 polio ikarejea, ikawapata zaidi ya watu 190 na kuvuka hadi Dadaab, Kenya.

Ndugu msomaji, vita vilikuwepo 2007, na vilikuwepo 2013. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza mchanjaji aliachiwa njia, mara ya pili akafungiwa. Mwenye kumzuia mchanjaji anajua anamdhulumu nani?

Lakini tusijidanganye. Julai 2013 Maalin alirudi kazini kupambana na polio, akafariki kwa malaria. Matone ya chanjo huweza kubebwa na mtu wa kujitolea. Malaria inataka kipimo, dawa na zahanati iliyo wazi kila siku, na hilo linahitaji dola.

Basi deni la serikali libaki kwa serikali. Ila likichelewa kulipwa, kumkinga mtoto huwa ni fardhi kifaya: wakisimama wachache, wote tumesalimika, tukikaa wote, wote tunaulizwa. Imamu, mzee wa mtaa, mama jirani, kila mmoja ana mlango anaoweza kuubisha. Je, wewe wako ni upi?