Kifaranga Ameanguliwa Nyumbani: Haki Zake ni Zipi?



Somo letu linaanzia jikoni. Wengi wetu hapa Mamba tumelelewa pamoja na kuku. Wanalala jikoni kwa sababu ya baridi ya mlimani na kwa kuogopa kicheche, na alfajiri ndio wa kwanza kudai mlango ufunguliwe.

Nyumbani kwetu kuku mmoja alikuwa ameatamia mayai 11 ndani ya kapu kuukuu karibu na mafiga. Yai la kuku huchukua siku 21. Siku hiyo ilipofika, asubuhi tulikuta vifaranga 8 wamekwishatoka. Bibi alisema Alhamdulillah, mama akaweka maji kwenye kisahani, na baba, aliyekuwa ameshashika jembe kwenda kwenye tangawizi, akarudi kutazama. Yai moja lilikuwa na tundu dogo tu, na sauti ikitoka ndani. Mdogo wetu wa darasa la tatu akaona kifaranga anateseka. Tulipokwenda kuswali Adhuhuri alibaki nyuma, akalimenya lile yai kama anavyomenya la kuchemsha. Tuliporudi tulikuta damu kwenye vidole vyake. Kifaranga hakufika Alasiri.

Hapa ndipo penye haki ya kwanza: aachwe. Kifaranga akishatoboa ganda hupumzika saa nyingi, pengine siku nzima. Hajashindwa. Wakati huo damu iliyo kwenye utando wa ndani ya ganda inarudi mwilini mwake, na mabaki ya kiini yanaingia tumboni kupitia kitovuni. Anayemmenyea ganda anakata mishipa ambayo bado inafanya kazi. Kiini hicho ndicho chakula alichoandaliwa na Mola wake, na kwacho anaweza kukaa siku 2 hivi bila kula, huku mama yake akiwangoja wenzake waliochelewa.

Mdogo wetu alijifungia chumbani na kukataa ugali. Baadhi yetu tulikuwa tayari kumgombeza. Baba alituzuia, akatukumbusha habari za Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.). Mtoto huyu alikuwa na kijindege cha kuchezea, kikafa. Mtume (S.A.W.), pamoja na shughuli zote za umma, alipomwona amenyong'onyea alimuulizia habari za kijindege chake kwa upole na utani. Asili ya hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika kijitabu kizima akitoa humo faida 60. Mojawapo ni kwamba mtoto anaruhusiwa kuwa na ndege wa kuchezea, maadamu hamtesi.

"Mwanangu," baba alimwambia, "huruma ulikuwa nayo. Ulichokosa ni kuuliza. Haya, njoo tumzike, halafu hawa wanane utawatunza wewe."

Na kazi ilikuwapo. Wiki ya kwanza kifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na miezi ya Juni na Julai hapa kwetu joto hilo liko chini ya mbawa za mama yake tu, au karibu na moto. Kwa hiyo kumtia mfukoni kwenda kuwaonyesha wenzako si mapenzi. Abu Dawud amepokea kwamba safarini Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe watoto wake.

Chakula ni chenga laini za mahindi, maji safi kwenye chombo kifupi asije akazama. Kideri hakina dawa, kina chanjo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3. Muulizeni bwana mifugo, maana jirani asipochanja nanyi mmo hatarini.

Mama aliuliza kuhusu mswala. Kifaranga mwenyewe ni tohara, lakini katika madhehebu ya Imam Shafii kinyesi cha kuku ni najisi, hata awe wa siku moja. Ondoeni kinyesi chenyewe, kisha mimineni maji mpaka rangi, harufu na ladha yake viondoke. Kupangusa kwa kitambaa kikavu hakutoshi, ingawa ndivyo wengi tufanyavyo.

Kuku yule aliatamia tena. Yai la mwisho lilitobolewa baada ya Magharibi. Mdogo wetu alikaa kando ya kapu, mikono yake ameikalia, mpaka usingizi ukamchukua. Kabla ya adhana ya Alfajiri alikuwa anatugongea milango yote.