Zahanati bila muuguzi ni jengo tu

Ndugu msomaji, tumezoea kuambiwa kuwa afya ya nyumba ni maji safi, choo kizuri na chakula kilichofunikwa. Hayo ni kweli. Lakini leo tumtazame mtu anayekupokea unapofika zahanati. Dawa zinaweza kuwepo na kitanda kikawepo, ila kama hakuna mkunga, mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hana wa kumpokea.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti iliyoeleza kuwa dunia ilikuwa na upungufu wa watumishi wa afya wapatao milioni 4.3. Nchi 57 zilikuwa katika hali mbaya, na 36 kati ya hizo ziko Afrika, kusini mwa Jangwa la Sahara. Afrika ilibeba asilimia 24 ya mzigo wa maradhi, huku ikiwa na asilimia 3 tu ya watumishi wa afya duniani.

Baada ya hapo hatua zilianza kuchukuliwa. Machi 2008 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Kampala, Uganda, wakatoa Azimio la Kampala. Mei 2010 nchi wanachama wa WHO zilipitisha kanuni kuhusu uajiri wa watumishi wa afya kutoka nchi za nje. Kanuni hiyo ni ya hiari. Haimkatazi muuguzi kutafuta riziki ughaibuni, bali inazitaka nchi tajiri zisiende kuwavuna watumishi katika nchi zenye uhaba mkubwa. Mwaka 2023 WHO iliorodhesha nchi 55 za kulindwa namna hiyo.

Mwaka 2016 ukapitishwa mkakati wa kufikia 2030, ambao umesisitiza jambo moja linalosahaulika: takwimu. Kila nchi inatakiwa ijue wangapi wanasomea uuguzi, wangapi wanahitimu, wangapi wameajiriwa, wako wilaya gani, na wangapi wanaacha kazi. Bila hesabu hiyo, mji mmoja hujaa madaktari na kijiji kikabaki na mhudumu mmoja.

Sisi Tanzania tunalijua hili. Mwaka 2016 uhakiki wa serikali uliwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha za mishahara. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ukawabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakiwemo wa sekta ya afya. Funzo ni kwamba jina lililoko kwenye karatasi halimzalishi mama. Hesabu ni amana, na anayeidanganya humdhulumu mgonjwa.

Je, familia yako ifanye nini?

Kwanza, katika mkutano wa kijiji au mtaa, uliza: zahanati yetu inastahili watumishi wangapi, na waliopo ni wangapi? Uliza kwa adabu, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Pili, mtumishi akipangiwa kijijini kwenu, msaidieni apate nyumba na maji. Wengi huondoka kwa kukosa makazi.

Tatu, wengi wetu tunapenda wake zetu na binti zetu wahudumiwe na mwanamke. Ni jambo jema. Lakini mkunga huyo ni binti wa mtu, aliyeachwa akasoma biolojia na kemia mpaka akahitimu. Baba anayemwachisha binti yake shule, kisha akafika wodini akidai mkunga wa kike, anadai alichokataa kukichangia.

Mwaka 2022 WHO ilikadiria kuwa ifikapo 2030 dunia bado itapungukiwa na watumishi wa afya milioni 10. Maazimio ya Kampala na Geneva ni mazuri, lakini hayafiki kijijini yenyewe. Yatafikishwa na watu wanaouliza, wanaohesabu kwa haki na wanaosomesha watoto wao, In shaa Allah.