SOMO: Kuuza Nyumba na Kununua Iliyo Kubwa Zaidi – Tuketi Kwanza Tuhesabu



Andiko la Luka 14:28, juu ya mjenzi wa mnara, tumezoea kulisoma tunapoanza kujenga kanisa. Katika somo hili tunaomba tulisome kwa ajili ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kabisa, yaani kuuza nyumba uliyo nayo na kununua yenye thamani kubwa zaidi. Familia hufanya hivyo watoto wanapoongezeka. Parokia na sharika nazo hufanya hivyo, pale nyumba ya mtumishi inapokuwa ndogo au mji unapoizunguka.

Hesabu ambayo wengi huja nayo ni ya mstari mmoja. Nyumba yetu itauzwa shilingi milioni 80, tunayoitaka ni milioni 120, basi tunahitaji milioni 40. Mkopo huombwa kwa hesabu hiyo na harambee hupangwa kwa hesabu hiyo. Tatizo ni kwamba hiyo ni tofauti ya bei tu. Gharama ya kuhama kutoka nyumba moja kwenda nyingine bado haijaguswa.

Tuchukue mfano huo huo, kwa nyumba mbili zilizopimwa na zenye hati hapa Tanzania. Namba za kodi ni za sheria. Nyingine ni makadirio yetu, nanyi mweke za mahali penu.

Kwanza ni dalali. Malipo yake ni ya mapatano, na mapatano hayo yafanyike kwa maandishi kabla hajaleta mteja wa kwanza. Tuseme mmekubaliana asilimia 5 ya bei ya kuuza: milioni 4 zimeondoka.

Pili ni kodi ya ongezeko la mtaji, na hapa ndipo wengi hushtuka. Mkazi wa Tanzania anayeuza nyumba hulipa asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuza ukitoa gharama za kununua kiwanja, kujenga na kuuza. Nyumba uliyoimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, na ukaishi humo kwa jumla ya miaka isiyopungua 3, husamehewa kama faida haizidi milioni 15. Lakini faida huthibitishwa kwa risiti, na sisi tunaojenga kidogo kidogo, mifuko kumi ya saruji leo, bati mwaka kesho, risiti tunazo? Tangu mwaka 2023 mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuza au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa nyumba yetu ya milioni 80 hiyo ni milioni 2.4. Jirani aliyetunza risiti za milioni 68, akauza kwa bei hiyo hiyo baada ya kuishi humo miaka kumi, faida yake ni milioni 12 na halipi kitu. Bahasha ya risiti kabatini ina thamani ya milioni 2.4! Kodi hii haikwepeki, kwa kuwa Msajili wa Hati hasajili uhamisho bila uthibitisho wa TRA. Na kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilika kila mwaka, ulizeni TRA kabla ya kusaini.

Tatu, upande wa kununua kuna ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, nao kwa desturi hulipwa na mnunuzi: milioni 1.2. Kuna uthamini unaoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, ada za maombi na usajili, na wakili. Tuweke milioni 3 kwa hayo yote. Msiruke upekuzi. Ndio utakaowaonyesha kama nyumba imewekwa rehani benki au ina zuio. Kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa nayo iulizwe mapema na ikubaliwe nani ataimaliza.

Mwisho kuna mambo madogo yasiyo madogo. Aliyenunua yenu anataka kuingia mwezi huu, nyumba mnayonunua haijawa wazi, na mwenye nyumba wa kupanga anadai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo: kwa laki 3 kwa mwezi ni milioni 1.8. Lori, makufuli mapya, rangi, tanki la maji na fundi umeme tuyape milioni 2.4.

Jumla ni milioni 14.8. Pengo halisi si milioni 40, ni milioni 54.8. Kwa mkopo wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 16 inayopungua na salio, milioni 40 hurejeshwa kwa takriban shilingi 670,000 kila mwezi; milioni 54.8 ni takriban 918,000. Familia iliyojipima kwa namba ya kwanza na kukutana na ya pili huanza kupungukiwa na ada ya shule. Hatimaye nyumba, ambayo ndiyo dhamana, inaweza kupigwa mnada.

Wapo watakaowashauri mwandike bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi. Tunakataa jambo hili kwa sababu ya imani yetu, na hata asiye na imani angelikataa. Uthamini utaonyesha thamani halisi, na mkataba ukivunjika mtakuwa na kazi ngumu kuidai mahakamani bei ambayo hamkuiandika.

Jambo jingine halina bei lakini limeangusha mauzo mengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mama aulizwe mwanzoni, si siku ya kusaini.

Kwa parokia na sharika kuna la ziada. Mara nyingi mali ya kanisa iko chini ya Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, hivyo kamati haiwezi kuuza hata kama kikao kizima kimenyoosha mikono. Iandikieni Bodi kabla ya kupokea hata shilingi ya mnunuzi. Msidhani pia kwamba taasisi ya dini imesamehewa kodi. Pateni jibu la TRA kwa maandishi. Na kama nyumba ya zamani ilijengwa kwa fedha ya mfadhili, aarifiwe mapema. Mfadhili anayesoma taarifa na kukuta milioni 14.8 ambazo hazikununua hata tofali moja ana haki ya kuuliza, na jibu liwe limeandikwa kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatusemi watu wasihame. Aliyejenga bondeni ambako mafuriko huingia kila masika ana sababu ya kutosha. Lakini anayehama kwa sababu ya uhaba wa vyumba peke yake, na kiwanja chake bado kina nafasi, aulize kwanza fundi na ofisi ya vibali vya ujenzi kwamba milioni 14.8 zingeongeza vyumba vingapi hapo hapo alipo.

Kwa kikao chenu kijacho tunapendekeza mjadiliane: Hati ya nyumba ya mtumishi ina jina la nani, na nakala iko wapi? Risiti za ujenzi zimehifadhiwa na nani? Na katika jumuiya zetu, ni nani anayepanga kuuza mwaka huu ambaye bado hajafika TRA wala ofisi ya ardhi?