Krimu ya Mwani: Kwa Nini Mafuta na Maji Hutengana?

SOMO LA ROBO HII



Robo iliyopita nilirudishiwa makopo ya krimu ya mwani yaliyotengenezwa na kikundi cha akina mama katika pwani ya Mkinga. Wiki mbili tu baada ya kuuzwa, mafuta yalikuwa juu na maji chini. Wateja walidai fedha zao. Katika kikao, mjumbe mmoja alipendekeza tuombe fedha za mashine kubwa ya kuchanganyia, nami niliafiki haraka. Aliyetuzuia ni bibi mmoja wa kikundi: "Mwanangu, tui likikatika hatununui sufuria mpya. Tunauliza limekatika kwa nini."

Somo hili linajibu swali lake.

1. Tui linatufundisha nini?

Tui la nazi ni matone madogo sana ya mafuta yaliyosambaa ndani ya maji. Mchanganyiko wa namna hii huitwa emalsheni. Matone hayaungani upesi kwa sababu protini za nazi huyazunguka kama ngozi. Hata hivyo, tui likiachwa saa chache, sehemu yenye mafuta mengi hupanda juu, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Likichemka sana bila kukorogwa, protini huganda, ile ngozi huharibika, na tui hukatika.

Basi maadui ni wawili: matone kuungana, na matone kupanda juu. Kila mmoja ana dawa yake.

2. Dawa ya kwanza: kiunganishi

Krimu ya kikundi ilikuwa na mafuta ya nazi, nta ya nyuki na maji ya mwani uliochemshwa. Wengi hudhani nta ya nyuki huunganisha mafuta na maji. Peke yake haitoshi. Kazi yake kubwa ni kuyakaza mafuta. Kinachohitajika ni kitu chenye upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, kama kiini cha yai kinavyofanya katika mayonezi. Kwa krimu hutumika nta maalumu ya kuunganishia, inayopatikana kwa wauzaji wa malighafi za vipodozi. Kwa kawaida gramu 50 hivi hutosha kilo 1 ya krimu.

Mafuta na nta hupashwa moto katika chombo kimoja, maji katika kingine, hadi vyote vifikie nyuzi 70 hadi 75 za Selsiasi. Kisha humiminwa pamoja na kukorogwa mpaka vipoe. Akina mama walikuwa wakimimina maji ya baridi, na nta iliganda kabla ya kuchanganyika. Kukoroga vizuri kuna faida kubwa: kipenyo cha tone kikipungua kwa nusu, kasi yake ya kupanda hupungua mara nne.

3. Dawa ya pili: mwani wenyewe

Mwani ukichemshwa hutoa karajinani, ambayo huyafanya maji yawe mazito kama jeli, na matone hushindwa kusogea. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kikafika Tanzania Bara katika miaka ya 1990. Aina kuu ni mbili. Kotoni hulipwa bei nzuri zaidi, lakini jeli yake ni ngumu, huvunjika na kutoa maji kama jasho. Spinosamu hulipwa kidogo, lakini jeli yake ni laini na hujiunga tena baada ya kukorogwa. Kikundi kilikuwa kikitafuta kotoni, kikiamini cha bei kubwa ndicho bora. Kumbe ule tunaoulalamikia bei ndio unaoifaa zaidi krimu. Tena spinosamu huvumilia joto la bahari kuliko kotoni.

4. Tahadhari

Krimu yenye maji huotesha bakteria na ukungu. Isiuzwe bila kihifadhi kinachoruhusiwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo yake. Tangu mwaka 2019 vipodozi husimamiwa na TBS. Kikundi kiwaone wao pamoja na SIDO kabla ya kuuza. Krimu isiyotengana bado inaweza kuwa si salama.

Hatua iliyofikiwa

Wateja wamerudishiwa fedha. Badala ya mashine, tulinunua kipimajoto, mizani ndogo na kiunganishi. Makopo ya majaribio yamekaa wiki sita bila kutengana. Hayajauzwa, tunasubiri ushauri wa wataalamu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mradi wetu upi ulikwama, nasi tukakimbilia kuomba kifaa kabla ya kutafuta chanzo?
2. Ni mali gani ya hapa kwetu tunaidharau kwa sababu ya bei yake?
3. Katika miradi yetu, nani anajua jibu lakini hajaulizwa?