Kufundisha Kipindi Kirefu



Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, ya kwamba Paulo alipokuwa Troa alinena hata usiku wa manane, na kijana Eutiko, aliyeketi dirishani, akalemewa na usingizi akaanguka toka orofa ya tatu. Basi ikiwa Mtume mwenyewe alipata msikilizaji wa kusinzia, mwalimu asishangae macho ya watoto yakifumba. Lakini yampasa kujiuliza: Je! katika muda huu wote, watoto nimewapa kazi gani?

Katika shule zetu kipindi cha madarasa ya juu ni dakika 40, na viwili vikiunganishwa ni dakika 80. Mafundisho ya Kipaimara nayo huwa marefu, kwa kuwa watoto hutoka mbali. Mara nyingi muda huo hujazwa na maneno ya mwalimu. Watoto huitikia kwa sauti moja, kisha hunakili ubao. Lakini kuitikia si kufahamu. Hapa Mgori watoto wengi husema Kinyaturu nyumbani. Waweza kuitikia Kiswahili barabara, na maana isiwaingie.

Tutazame Nehemia, sura ya 8. Ezra alisoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, wala watu hawakuchoka kusikiliza, maana Walawi walikuwa kati yao wakiwaeleza hata wakayafahamu yaliyosomwa. Kazi ile haikuwa ya kinywa kimoja.

Hata msitu wetu watufundisha hayo. Mwaka 1995 vijiji vitano vilianza kuulinda msitu wa Mgori, uliokuwa na hekta zaidi ya 40,000, kila kijiji kikiwa na sehemu yake na walinzi wake. Pori kubwa namna ile halilindwi na mtu mmoja. Kadhalika kipindi kirefu hakichukuliwi na mwalimu peke yake.

Tutoe mfano wa somo la hesabu, kuhusu hekta. Dakika 10 za kwanza mwalimu aulize: Shamba la kwenu ni kubwa kadiri gani? Walijuaje? Dakika 10 aeleze ubaoni ya kuwa hekta moja ni mraba wenye mita 100 kila upande. Dakika 30 watoto watoke nje kwa makundi, wachukue kamba ya mita 10 na vijiti, wapime mraba wa mita 50 kila upande. Hapo awaulize: Miraba kama huu mingapi yafanya hekta moja? Wengi watasema miwili, kwa sababu 50 mara mbili ni 100. Mwalimu asiwakemee, wala asiwaambie jibu. Awaache wachore kwa kijiti mchangani, wajionee wenyewe kwamba ni minne. Dakika 20 makundi yapige hesabu za mashamba. Dakika 10 za mwisho mtoto mmoja wa kila kundi aeleze waliyoyapata, wala asiwe yule yule kila siku. Jumla ni dakika 80, na mwalimu amesema sehemu ndogo tu.

Katika Kipaimara twaweza kufanya vivyo hivyo. Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliipanga kwa maswali na majibu, ili maana iulizwe katika kila fungu. Tukifundisha amri ya saba, ile ya kutoiba, tuwape watoto jambo wanalolijua: mtu akuta mzinga wa mwenzake msituni, umeanguka, na asali imo. Afanyeje? Wazungumze wawili wawili, hata kwa Kinyaturu, kisha waseme kwa Kiswahili mbele ya wote. Mmoja atasema, Asiile asali. Mwingine ataongeza, Auinue mzinga, akamwambie mwenyewe. Hapo wameifikia maana aliyoieleza Luther, kwamba amri hii yatuagiza pia kumsaidia jirani ailinde mali yake. Baada ya hayo wakariri maneno. Nayo yatakaa, kwa kuwa yamepata mahali pa kukaa.

Wengine watasema: Watoto ni wengi, watafanya kelele, na masomo yaliyoamriwa hayatakwisha. Ni kweli, kelele zitakuwapo. Basi kila kundi lipewe swali moja na muda uliotajwa, na mwalimu atembee kati yao kama Walawi wale. Na somo lililokwisha katika kitabu cha mwalimu, lisiloanza katika akili ya mtoto, limemfaa nani?

Ndugu walimu, siku ya Kipaimara mtoto ataulizwa mbele ya usharika, naye atajibu kwa kinywa chake. Hata baadaye, atakapokuwa peke yake porini mbele ya mzinga usio wake, mwalimu hatakuwapo kumwongoza aitikie. Kwa hiyo tumzoeze sasa, tungali pamoja naye, kufikiri na kujibu mwenyewe.