Kununua Kiwanja na Kujenga Vyumba vya Kupangisha

Wenzangu wasomaji,

Hapa Uganda watu wengi wenye fedha kidogo, kama walimu, wauguzi, madereva na wenye maduka, huona ya kuwa njia njema ya kuweka akiba ni kununua kiwanja kando ya mji, kujenga safu ya vyumba vichache, na kuvipangisha. Katika Kiganda vyumba vya namna hiyo huitwa mizigo. Katika Kiswahili mzigo ni kitu kizito cha kubebwa, na mtu asiyepiga hesabu mapema huziona maana zote mbili katika nyumba moja.

Nimeandika somo hili kwa sababu shangazi yangu, aliyekuwa muuguzi, alistaafu na kupewa kiinua mgongo chake. Kwa kuwa mimi nasoma uchumi na hesabu, alinitaka nimsaidie kufikiri kabla hajaitoa fedha hiyo benki. Fedha hiyo ndiyo karo ya wadogo zangu watatu, na ikipotea hakuna nyingine. Basi nilimwuliza mwalimu wetu, nikasoma sheria, nikafuatana na shangazi mpaka ofisi ya ardhi. Niliyoyapata nayaweka hapa, maana naamini kila msomaji ana shangazi au mjomba wa namna hiyo, na baada ya miaka michache sisi wenyewe tutakuwa na mishahara na tamaa ya kujenga.

SOMO LA KWANZA: Jua unanunua nini

Mtu husema, "Nimenunua ardhi." Lakini yafaa aulizwe, "Umenunua haki gani juu ya ardhi hiyo?" Katiba ya mwaka 1995 yataja njia nne za kumiliki ardhi katika Uganda: ya kimila, ya milki huru, ya mailo, na ya kukodishwa kwa muda wa miaka. Njia hizi hazilingani hata kidogo.

Njia ya mailo ndiyo inayowatatiza wengi katika Buganda. Jina lenyewe limetokana na maili. Katika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ardhi iligawanywa kwa maili za mraba, nao Kabaka, jamaa zake na machifu wakapata sehemu kubwa. Wakulima waliokuwa wakikaa juu ya ardhi hiyo wakawa watu wa kukaa katika ardhi ya mwingine. Mwaka 1928 ilitungwa sheria ya kuweka kipimo cha malipo aliyoweza kudai mwenye ardhi, na kumzuia asiwafukuze ovyo. Mwaka 1975 serikali ilitangaza ya kuwa ardhi yote ni ya umma, kisha Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zikarudisha mailo, lakini zikailinda pia haki ya mtu aliye na kibanja.

Kwa hiyo juu ya kipande kimoja cha ardhi huweza kuwako watu wawili wenye haki: mmoja ana hati, wa pili ana kibanja. Wa pili hulipa busuulu, yaani malipo madogo ya kila mwaka, na kwa sheria ya mwaka 2010 haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu ya kutolipa busuulu hiyo.

Mambo mawili yafuata hapo. La kwanza, ukinunua kibanja hukununua hati. Mwenye kibanja akitaka kuuza, sharti kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kununua. Asipofanya hivyo, haki yenyewe yaweza kupotea, na fedha yako pamoja nayo. La pili, ukinunua hati juu ya ardhi yenye watu, haki za watu wale haziishi kwa sababu mwenye hati amebadilika. Umenunua ardhi pamoja na majirani waliomo ndani yake.

SOMO LA PILI: Usiamini karatasi peke yake

Shangazi alionyeshwa kiwanja ambacho bei yake ilikuwa chini kuliko ya viwanja vya jirani. Muuzaji alikuwa na mkataba ulioandikwa juu ya karatasi ya daftari la shule, wenye muhuri wa kijiji. Alipoulizwa habari za mwenye ardhi, alisema yuko mbali na hana neno. Dalali naye alihimiza, akisema wanunuzi wengine wawili wanakuja jioni.

Tulikwenda ofisi ya ardhi kutafuta habari za hati ile. Tuliona jina la mtu ambaye muuzaji hakumtaja kamwe, na juu ya hati paliandikwa ya kuwa ardhi imewekwa rehani benki. Shangazi alirudi nyumbani na fedha yake. Hata sasa dalali yule akikutana naye humwambia ya kuwa amekosa bahati.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, fanya haya matano:

1. Tafuta habari za hati katika ofisi ya ardhi wewe mwenyewe. Usitumwe nakala na muuzaji.

2. Mwite mpima ardhi aonyeshe mawe ya mipaka. Hati yaweza kuwa ya kweli, lakini kiwanja ulichoonyeshwa kikawa kingine.

3. Waulize majirani wa pande zote nne, na mwenyekiti wa baraza la kijiji: nani analima hapa, tangu lini, na je, kuna kesi?

4. Uliza kama ni ardhi ya jamaa. Sheria ya mwaka 1998 yakataza mume au mke kuuza ardhi ya nyumbani bila idhini ya mwenzake. Basi mke wa muuzaji awepo, aseme kwa kinywa chake, atie sahihi yake.

5. Lipa kupitia benki, mbele ya wakili na mashahidi, si mkononi chini ya mwembe.

SOMO LA TATU: Angalia maji na njia

Kiwanja cha bei ndogo mara nyingi kina sababu yake. Nenda ukakione baada ya mvua kubwa. Mafunjo yakiwa jirani, jihadhari: Katiba yasema ya kuwa vinamasi vimewekwa mikononi mwa serikali kwa ajili ya watu wote. Mwaka 2024 nyumba nyingi zilibomolewa katika kinamasi cha Lubigi, kando ya Kampala, na wengi wa waliokaa humo walikuwa watu wa hali ya chini. Uliza pia kama barabara itapanuliwa, na kama kiwanja kina njia ya kuingilia iliyoandikwa katika ramani. Mpangaji naye hutazama mambo yake: maji yako wapi, umeme upo, choo ni kisafi, na nauli ya kwenda kazini ni kiasi gani? Chumba kizuri kilicho mbali na kazi hukaa kitupu.

SOMO LA NNE: Hesabu ya kweli na hesabu ya ndoto

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi nimeziweka kwa mfano. Kila mtu aweke za mahali pake.

Tuseme kiwanja ni shilingi 12,000,000, na kujenga vyumba vinne pamoja na choo, tangi la maji na ada za ramani ni shilingi 36,000,000. Jumla ni 48,000,000. Tuseme tena pango la chumba kimoja ni shilingi 150,000 kwa mwezi.

Mwenye ndoto huhesabu hivi: vyumba 4, mara 150,000, mara miezi 12, ni shilingi 7,200,000 kwa mwaka. Kwa hiyo fedha itarudi yote katika miaka 6 na miezi 8.

Mwenye hesabu ya kweli huendelea. Kila chumba hukaa kitupu walau mwezi mmoja kwa mwaka, mpangaji mmoja akitoka na mwingine hajaja: toa 600,000, yabaki 6,600,000. Kisha kuna kodi ya serikali. Kwa mtu asiye kampuni, pango la shilingi 2,820,000 za kwanza kwa mwaka halitozwi. Lililozidi hutozwa asilimia 12. Basi 6,600,000 toa 2,820,000 ni 3,780,000, na asilimia 12 yake ni 453,600. Yabaki 6,146,400. Rangi, vitasa, mabati yanayovuja na milango, tuseme 600,000. Kunyonya choo na kuzoa takataka, tuseme 300,000. Zinazobaki mkononi ni shilingi 5,246,400.

Gawanya 48,000,000 kwa hizo. Utaona ya kuwa fedha hairudi katika miaka 6 na miezi 8, bali katika miaka 9 na zaidi kidogo. Kwa namna nyingine, kila shilingi 100 ulizotia zinakuletea karibu 11 kwa mwaka. Hiyo si hasara. Lakini uliza leo benki yatoa riba gani kwa fedha ya kuwekwa kwa muda, na hati za mkopo wa serikali zatoa gani, halafu linganisha. Hati za serikali hazivuji mvua ikinyesha. Kwa upande mwingine pango huweza kupanda na ardhi huweza kuongezeka thamani. Kila njia ina faida yake. Kosa ni kuchagua moja bila kuitazama ya pili.

SOMO LA TANO: Mkopo

Mjomba alimshauri shangazi akope nusu ili ajenge upesi. Tulipima shauri hilo kwa mfano ule ule. Mkopo ni 24,000,000, wa kulipwa katika miaka 4 kwa mafungu sawa ya 6,000,000 kila mwaka, na riba tuseme ni asilimia 18 ya deni lililobaki.

Mwaka wa kwanza riba ni 4,320,000. Ongeza fungu la 6,000,000: benki yataka 10,320,000, na nyumba imeleta 5,246,400 tu. Katika miaka yote minne riba ni 10,800,000, hata malipo yote yawe 34,800,000. Nyumba itakuwa imeleta 20,985,600. Zilizopungua, shilingi 13,814,400, zitoke wapi? Mtu mwenye mshahara mwingine aweza kuzitoa. Mstaafu hawezi, na benki itauza kiwanja. Mjomba alipoiona hesabu alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ajenge viwili kwanza." Nami naliona shauri hilo kuwa jema. Vyumba viwili visivyo na deni huzaa cha tatu, polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

SOMO LA SITA: Mpangaji ni mtu

Vitabu vingi vya biashara huandika juu ya mpangaji kana kwamba ni bomba la fedha. Sisi nyumbani tulipanga chumba miaka mingi. Mwaka mmoja baba alikuwa mgonjwa, tukachelewa kulipa miezi miwili, na mwenye nyumba akaja mchana akang'oa mlango akaenda nao. Tulilala usiku tatu tukiwa tumeweka kabati mlangoni. Kwa hiyo nalisema neno hili kwa wale watakaokuwa wenye nyumba kesho.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 yakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Pango haliongezwi kupita asilimia 10 kwa mwaka. Na pango likifika shilingi 500,000 au zaidi, sharti mapatano yaandikwe. Mimi nashauri yaandikwe hata kama pango ni dogo: tarehe, kiasi, nani hulipa maji na umeme, nani hutengeneza kilichovunjika. Mpe mpangaji stakabadhi kila mwezi, nawe weka daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tena kuna faida katika haki. Mpangaji aliyetendewa vizuri hukaa miaka mitano, na chumba chake hakikai kitupu mwezi mmoja kila mwaka. Rudi katika somo la nne, uone kiasi gani hicho.

MASWALI YA KUJIBU

1. Katika mfano wa somo la nne, kama vyumba vyote vinne havikukaa vitupu hata mwezi mmoja, ni shilingi ngapi zitabaki mkononi baada ya kodi na matengenezo? (Usisahau ya kuwa kodi nayo itaongezeka.)

2. Ndugu yako amenunua kibanja, na muuzaji hakumwuliza mwenye ardhi. Afanye nini kwanza?

3. Mtu ana shilingi 20,000,000 na hana mshahara. Je, anunue kiwanja sasa na kungoja fedha ya kujengea, au aweke fedha benki mpaka itoshe yote mawili? Toa sababu za kila upande.

Swali la tatu ndilo linalomkabili shangazi hata leo. Mjomba asema kila mwaka anaongoja bei ya viwanja yapanda. Shangazi asema kiwanja kitupu hakilipi karo. Nami sijaweza kuwapatanisha. Atakayeliandika jibu lenye hesabu nzuri alipeleke kwa mhariri wa sehemu ya Kiswahili, nami nitalichukua nyumbani wakati wa likizo.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita